Kurudishiwa damu yako mwenyewe wakati wa upasuaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mgonjwa anayesubiri upasuaji mkubwa, na ya ndugu aliyepewa fomu ya ridhaa aitie sahihi huku jambo lenyewe analisikia kwa mara ya kwanza. Hayachukui nafasi ya daktari wako wa upasuaji wala daktari wa usingizi, kwa kuwa wao ndio wanaoijua hali yako.

Ni kitu gani hasa kinafanyika?

Kwa kawaida damu inayovuja kwenye kidonda cha upasuaji hufyonzwa kwa mrija, huishia kwenye chupa ya uchafu, na mwisho humwagwa. Katika mbinu hii haimwagwi. Mrija wa kufyonzea una njia mbili: moja inavuta damu, ya pili inadondosha dawa ya kuzuia mgando karibu na ncha ya mrija, ili damu isigande njiani. Dawa hiyo mara nyingi ni heparini, yuniti 30,000 ndani ya lita 1 ya maji ya chumvi. Wengine hutumia sitrati.

Mchanganyiko huo huingia kwenye tangi lenye kichujio kinachonasa mabonge, vipande vya mfupa na vipande vya nyama. Damu ikitosha, mashine huivuta hadi kwenye bakuli linalozunguka kwa kasi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Seli nyekundu, kwa uzito wake, husukumwa pembeni na kubaki humo. Plazima (sehemu ya majimaji ya damu), heparini, mafuta na mabaki ya seli zilizopasuka hutolewa kuelekea mfuko wa taka. Kisha seli zilizobaki huoshwa kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, huhamishiwa kwenye mfuko wa kurudishia, na kutoka hapo hupita kwenye kichujio kingine hadi kwenye mshipa wako. Mzunguko mzima ni wa dakika chache.

Kwa hiyo unachorudishiwa si damu kamili iliyokutoka. Ni seli nyekundu zilizooshwa, ndani ya maji ya chumvi, nzito kuliko damu ya kawaida: seli hizo huchukua asilimia 50 hadi 60 ya ujazo, na wakati mwingine zaidi, wakati mwilini mwa mtu mzima ni kama asilimia 40 hivi. Shika jambo hili, maana nusu ya maswali yanayofuata yanalitegemea.

Ni mbinu mpya? Sitaki kuwa wa kujaribiwa.

Ina umri mkubwa kuliko benki za damu. Mwaka 1886 daktari John Duncan wa Edinburgh alieleza jinsi alivyokusanya damu iliyokuwa ikimtoka mgonjwa aliyesagwa miguu kwenye ajali ya reli, akaichanganya na dawa ya kuzuia mgando, akamrudishia. Makundi ya damu yalikuwa hayajagunduliwa bado. Karl Landsteiner aliyaeleza mwaka 1901. Mwaka 1914 Johannes Thies wa Ujerumani aliripoti wanawake waliopasuka mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, waliorudishiwa damu iliyojaa tumboni.

Benki za damu ziliposhamiri, mbinu hii ilisahaulika kidogo. Mashine za kwanza za miaka ya 1970 zilirudisha damu bila kuiosha, na baadhi ya wagonjwa waliingiwa na hewa mishipani. Zikafuata mashine zinazoosha. Miaka ya 1980, hofu ya VVU katika damu ya wachangiaji ikawarudisha madaktari wengi kwenye wazo la Duncan.

Jibu fupi basi: ni salama?

Ndiyo, kwa mgonjwa anayefaa na kwa mtu anayeijua mashine.

Nafafanua. Damu yako haikukatai, kwa hiyo hatari iliyopo haitoki kwenye damu yenyewe. Inatoka kwenye vitu vitatu: kilichofyonzwa pamoja nayo, kilichotumika kuioshea, na mikono inayoshika mfuko wa kurudishia. Ukizisoma taarifa za madhara zinazokusanywa na SHOT, mfumo wa Uingereza unaofuatilia matatizo ya kuongezewa damu, utaona mambo yaleyale: makosa ya waendeshaji, vifaa vilivyofungwa vibaya, na presha kushuka ghafla wakati damu inarudi. Ndiyo maana mimi naliona swali la “mna mashine?” kuwa dogo. Swali kubwa ni “nani ataisimamia siku yangu, na amefundishwa?” Hospitali yenye mashine nzuri inayowashwa mara moja kwa mwaka inanipa wasiwasi kuliko hospitali isiyo nayo kabisa.

Ina ubora gani juu ya damu ya mchangiaji?

Hakuna haja ya kulinganisha makundi ya damu, mradi mfuko haukuchanganywa na wa mtu mwingine. Hakuna maambukizi mapya, maana virusi usivyokuwa navyo havitatokea kwenye damu yako. Mwili hautengenezi kingamwili dhidi ya seli ngeni, jambo lenye uzito kwa mwanamke atakayebeba mimba baadaye na kwa mtu atakayehitaji kuongezewa damu mara nyingi. Kisha kuna suala la uchanga wa damu. Damu ya benki hukaa kwenye friji hadi siku 35 au 42 kutegemea dawa ya kuihifadhi, na kadiri inavyokaa ndivyo potasiamu inavyovuja kutoka kwenye seli na uwezo wa kuachia oksijeni unavyopungua. Seli zako zilitoka mwilini muda mfupi tu uliopita.

Hata hivyo nisiitukane damu ya mchangiaji. Inapopimwa ipasavyo ni salama sana, na kuna hali ambazo bila hiyo mgonjwa hatoki mezani akiwa hai. Lengo la mashine ni kupunguza idadi ya mifuko utakayohitaji. Mapitio ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyojumlisha majaribio 75, yalikuta kwamba uwezekano wa kuhitaji damu ya mtu mwingine ulipungua kwa asilimia 38 hivi kwa waliotumiwa mbinu hii. Faida ilikuwa kubwa zaidi kwenye upasuaji wa mifupa kuliko wa moyo. Tangu wakati huo mambo yamebadilika: asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza uvujaji wa damu, imeenea, upasuaji wenyewe unavujisha damu kidogo, na madaktari hawaharakishi tena kuongeza damu. Kwa hiyo faida ya leo huenda ikawa ndogo kuliko ya miaka ile.

Ni upasuaji upi unaostahili?

Ule unaotarajiwa kumwaga damu nyingi. Kipimo kinachotumika sana ni nusu lita au zaidi kwa mtu mzima, au zaidi ya asilimia 10 ya damu yake yote. Mtu mzima ana kama mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 70 ana karibu lita 5. Upasuaji wa moyo, wa mshipa mkuu wa aota, wa uti wa mgongo, wa kurudia kubadilisha nyonga, wa ini, na ajali zenye damu nyingi ndani ya kifua au tumbo: huko ndiko mashine inakoonyesha kazi yake. Kwa ngiri au kidole tumbo ni kupoteza vifaa.

Pale ambapo haijulikani kama damu itatoka nyingi, wenye busara huanza na tangi la kukusanyia tu. Bakuli na mirija ya kuoshea, ambayo ni vitu vya kutumia mara moja na kutupa, hufunguliwa damu ikishatosha.

Damu iliyokwisha kumwagika tumboni si imeshachafuka?

Hili huulizwa kuliko yote, na wanaouliza wana haki. Tumbo au kifua kinachofunguliwa na daktari, kama hakuna usaha wala utumbo uliotoboka, hakina vijidudu vya kutisha. Damu iliyokusanyika humo haijaoza. Imepoteza tu baadhi ya seli, na imeanza kuganda.

Utumbo ukiwa umetoboka, habari inageuka. Kuosha kunapunguza bakteria bila kuwamaliza, na hata kichujio cha kunasa seli nyeupe hakiwamalizi. Kanuni ya kawaida ni kuacha kukusanya wakati kinyesi au usaha uko wazi, kusafisha eneo kwa maji mengi, kisha kuendelea na mrija mwingine. Lakini kanuni hii ina mlango wa dharura. Huko Johannesburg, jaribio lililochapishwa mwaka 2006 liliwahusisha watu waliochomwa visu au kupigwa risasi tumboni, wakiwamo wenye utumbo uliotoboka. Waliorudishiwa damu yao iliyooshwa walihitaji damu ndogo ya benki, na hawakuonekana kufa wala kupata maambukizi zaidi ya wenzao. Lilikuwa jaribio dogo, kwa hiyo halifungui milango yote. Linachosema ni kwamba mtu anayekufa kwa kukosa damu, na benki imeisha, anaweza kurudishiwa damu isiyo safi kabisa huku akipewa antibiotiki. Uamuzi wa namna hiyo hufanywa na daktari bingwa aliyesimama mezani, kwa sekunde chache.

Ni vitu gani havitakiwi kufyonzwa?

Orodha ni ndefu, na kila kitu humo kiliingia kwa sababu. Maji safi yasiyo na chumvi hupasua seli nyekundu mara moja. Haidrojeni peroksaidi nayo hufanya vivyo hivyo. Ayodini, klorheksidini na pombe ni za ngozi. Antibiotiki zisizoruhusiwa kupitia mshipani, saruji ya mifupa ikiwa bado mbichi, na dawa za kupaka za kugandisha damu kama kolajeni, thrombini na gundi ya faibrini hazitakiwi humo pia. Hizi za kugandisha ndizo zinazonitisha kuliko zote: kazi yake ni kutengeneza bonge, na hakuna anayetaka bonge litengenezwe ndani ya mapafu yake.

Suluhisho ni rahisi kulitamka na gumu kulitekeleza: meza ya upasuaji iwe na mirija miwili ya kufyonzea, mmoja wa mashine, mwingine wa uchafu, na daktari wa upasuaji aseme kwa sauti kabla ya kumimina chochote kidondani. Kosa la kufunga mfuko wa maji yasiyo na chumvi mahali pa maji ya chumvi kwenye mashine ni la kutisha zaidi, kwa sababu hapo seli zote hupasuka wakati wa kuoshwa. Mwendeshaji asome jina kwenye kila mfuko kabla ya kuutundika, hata kama ni wa kumi siku hiyo.

Nimesikia watu wamekufa kwa kuingiwa na hewa. Ni kweli?

Ni kweli, na bado inaweza kutokea. Mfuko wa kurudishia huwa na hewa ndani, kwa sababu mashine inasukuma hewa pamoja na damu. Damu ikiachwa ishuke yenyewe kwa uzito wake, hewa hiyo hubaki juu na haina madhara. Tatizo huanza pale mgonjwa anapoishiwa damu, watu wana haraka, na mtu anafunga mkanda wa kusukuma presha kwenye mfuko ule ili damu iingie upesi. Damu ikiisha, kinachofuata ni hewa, moja kwa moja hadi moyoni.

Kanuni haina mjadala: mfuko uliounganishwa na mashine na kwa mgonjwa kwa wakati mmoja haufungwi mkanda wa presha. Ikibidi kuharakisha, damu huhamishiwa kwenye mfuko mwingine, hewa yote hutolewa, ndipo hutundikwa.

Nikivuja damu nyingi sana, mashine itatosha?

Haitatosha peke yake. Rejea jibu la kwanza: kinachorudi ni seli nyekundu tu. Chembe sahani, seli ndogo zinazosaidia damu kuganda, zimetupwa pamoja na maji ya kuoshea, na protini za plazima zinazogandisha damu pia zimetupwa. Mtu anayepoteza lita kadhaa na kurudishiwa seli zilizooshwa pamoja na maji ya chumvi atakuwa na rangi nzuri na hemoglobini ya kuridhisha, huku damu yake haigandi tena. Nimeona wenye ujuzi wakidanganywa na hemoglobini nzuri. Upotevu unapokaribia ujazo wote wa damu ya mwili, au hata kabla ya hapo mgonjwa akianza kutoka damu kila anapoguswa, hupimwa mgando na kupewa plazima, chembe sahani au faibrinojeni (protini ya kugandisha damu) kutoka benki.

Wengine hudhani ni heparini iliyobaki ndiyo inayowafanya wavuje. Mashine ikiosha sawasawa huiondoa karibu yote. Lakini duru ikikatishwa kabla ya kuosha kukamilika kwa sababu ya haraka, dhana hiyo inakuwa kweli.

Nina saratani. Si itasambaa mwili mzima?

Hofu hii ina mantiki: daktari anakata karibu na uvimbe, seli za saratani zinamwagika, mashine inazifyonza, kisha zinarudi mshipani. Ni kweli kwamba seli za saratani zimewahi kuonekana ndani ya damu iliyooshwa. Kwa miaka mingi hilo lilitosha kuipiga marufuku mbinu hii kwa wagonjwa wa saratani.

Mambo mawili yamelegeza marufuku hiyo. Kwanza, seli hizo huingia kwenye mzunguko wa damu hata bila mashine, wakati uvimbe unashikwashikwa wakati wa upasuaji, na nyingi hufia humo. Pili, kuna kichujio cha kunasa seli nyeupe ambacho hunasa pia sehemu kubwa ya seli za saratani. Uingereza, taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya matibabu, ilikubali mbinu hii mwaka 2008 kwa upasuaji wa kuondoa tezi dume na kibofu chenye saratani. Ujerumani baadhi ya hospitali huipiga damu mionzi ya kiwango cha grei 50 kabla ya kuirudisha. Uchunguzi wa wagonjwa waliofuatiliwa haujaonyesha kwamba saratani inarudi zaidi kwa waliorudishiwa damu yao, ingawa nyingi ya tafiti hizo hazikugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo uzito wake una mipaka.

Daktari asifyonze damu iliyo juu ya uvimbe wenyewe, hasa uvimbe ukipasuka. Na mgonjwa aambiwe haya yote kabla, si baada. Ukikataa, una sababu. Ukikubali, una sababu pia.

Kile kichujio kina ubaya wowote?

Kinapunguza mwendo wa damu, jambo gumu kwa mtu anayevuja upesi. Pia kimehusishwa na presha kushuka ghafla, inayodhaniwa kutokana na kemikali iitwayo bradikinini. Wanaotumia dawa za presha za kundi la ACE, kama enalaprili au kaptoprili, wako karibu zaidi na tatizo hilo. Mtajie daktari wa usingizi kila kidonge unachomeza. Presha ikishuka, damu husimamishwa, na mara nyingi hali hutulia upesi.

Vipi kwa mama anayejifungua kwa upasuaji?

Zamani ilikatazwa kabisa, kwa kuogopa kwamba maji ya uzazi yataingia kwenye damu ya mama na kumletea ule mshtuko adimu unaoua kwa dakika. Siku hizi watu wa fani wengi wanauona mshtuko huo kama aina ya mwili kukasirika dhidi ya vitu vya mtoto, na si kuziba kwa mshipa kwa uchafu. Kuosha pamoja na kuchuja huondoa sehemu kubwa ya vitu hivyo.

Jaribio kubwa kuliko yote, SALVO, lilifanyika katika hospitali 26 za Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Wanawake 3,028 waliokuwa na hatari ya kuvuja damu wakati wa upasuaji wa kujifungua waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliohitaji damu ya mchangiaji walikuwa asilimia 2.5 kwenye kundi la mashine na asilimia 3.5 kwenye kundi lisilo na mashine, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haikuthibitika. Hakuna hata mmoja aliyepata ule mshtuko wa maji ya uzazi. Nikisoma matokeo hayo naona mambo mawili: usalama wake unatia moyo, na kuitumia kwa kila mama ni kupoteza. Ihifadhiwe kwa aliye kwenye hatari halisi, kama kondo lililojishikiza ndani ya kovu la zamani, au anayekataa damu ya mtu mwingine.

Kuna jambo moja ambalo mashine hailiwezi. Haitofautishi seli nyekundu za mama na za mtoto, na vichujio havizitenganishi. Mama mwenye kundi hasi, kama O hasi, akiwa amezaa mtoto wa kundi chanya, atapokea seli za mtoto kwa wingi kuliko kawaida. SALVO ilionyesha hivyo. Anahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wake kutengeneza kingamwili dhidi ya seli za mtoto, angalau yuniti 1,500 kwa utaratibu wa Uingereza, na kipimo cha kuangalia kiasi cha seli za mtoto kichukuliwe dakika 30 hadi 45 baada ya damu kurudishwa, ili ijulikane kama dozi iongezwe. Kama wewe ni wa kundi hasi, uliza kuhusu sindano hiyo mwenyewe. Usingoje kukumbukwa.

Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi imepasuka, hospitali haina mashine. Inawezekana?

Inawezekana, na kwa wanawake wengi ndiyo iliyowaokoa. Damu huchotwa tumboni kwa chombo kisicho na vijidudu, huchujwa kwa tabaka kadhaa za shashi safi, huingizwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia mgando, kisha hurudishwa kupitia seti ya kuongezea damu yenye kichujio. Damu ya tumboni mara nyingi imekwisha kupoteza faibrini yake, kwa hiyo haigandi kirahisi, lakini dawa ya kuzuia mgando haiachwi.

Masharti ni makali kuliko ya mashine, maana hapa hakuna kuosha. Damu isiwe imekaa zaidi ya saa 24, isiwe na harufu, isiwe na dalili ya usaha, na utumbo uwe mzima. Seli zilizopasuka, mabaki ya mgando na dawa vyote vinarudi kwa mama, kwa hiyo figo na mgando wake hufuatiliwa baadaye. Kwa mama mwenye damu lita 2 tumboni na benki tupu, hesabu haina ugumu.

Mimi ni mgonjwa wa selimundu.

Kwa ujumla huepukwa. Ndani ya tangi oksijeni ni kidogo na damu inapoa. Seli zako hujikunja hapo na kupasuka wakati wa kuzungushwa. Mwenye vinasaba vya selimundu bila ugonjwa hutazamwa kwa hali yake, na wapo waliorudishiwa bila tatizo.

Nina VVU, au homa ya ini. Naruhusiwa?

Damu yako haikuletei kipya. Wa kujihadhari ni wahudumu wanaoshika mirija, kama wanavyotakiwa kujihadhari kwa kila mgonjwa.

Mfuko wangu hauwezi kupewa mtu mwingine kwa makosa?

Unaweza, kama utatoka chumbani. Ndiyo maana hautakiwi kutoka. Huwekwa lebo papo hapo: jina, namba ya mgonjwa, saa ya kukusanya, na muda wa mwisho wa kutumika. Hubaki kando yako na hauingii kwenye friji ya damu ya benki. Ikiwa unahamishwa kwenda wodini damu ikiwa bado inaingia, anayekupokea aukague mfuko pamoja na bangili ya mkononi mwako, kama angekagua damu yoyote ile. Seli zilizooshwa hutumika ndani ya saa 4 baada ya kuandaliwa zikiwa kwenye joto la chumba. Zikipita hapo, humwagwa, hata kama inauma.

Ile damu ya kwenye mrija wa kidonda baada ya upasuaji nayo hurudishwa?

Iliwahi kufanyika sana kwenye magoti na nyonga zilizobadilishwa, ndani ya saa 6 tangu kuanza kukusanywa. Nyingi haikuoshwa. Siku hizi imepungua, na binafsi siisikitikii: faida ilikuwa ndogo, na asidi ya traneksamiki imekausha chanzo chenyewe.

Kwa nini nisitoe damu yangu wiki kadhaa kabla, ikatunzwa?

Ni jambo tofauti, na lina kasoro ambazo watu hawazioni. Ukitoa mfuko mmoja au miwili kabla ya upasuaji, unaingia chumbani ukiwa na upungufu wa damu uliojitengenezea. Upasuaji ukiahirishwa, mifuko inaisha muda. Na kwa kuwa damu hiyo inakaa benki, inaweza kubadilishwa na ya mwingine kama damu yoyote. Wengi wameiacha, isipokuwa kwa watu wenye kingamwili ngumu ambao damu inayowafaa haipatikani kirahisi. Muda huohuo ungefaa kutumika kupima madini ya chuma na kutibu upungufu wa damu mapema.

Mimi ni Shahidi wa Yehova. Inakubalika?

Damu ya mchangiaji hukataliwa, lakini suala la kurudishiwa damu yako mwenyewe wakati wa upasuaji huachwa kwa dhamiri ya kila mmoja. Wengine huikubali ikiwa mirija imeunganishwa mfululizo na mwili bila kukatwa, jambo ambalo mashine inaweza kupangwa kulifanya. Semeni kabla ya siku ya upasuaji, na iandikwe kwa maneno mahususi: kipi unakubali, kipi hukubali, na mashine ikiharibika katikati ya kazi nini kifanyike.

Na watoto?

Zipo bakuli ndogo kwa ajili yao. Kwa mtoto mwenye kilo 10, damu yote mwilini haifiki lita 1, kwa hiyo kiasi kidogo kinachookolewa ni kikubwa kwake.

Nitajuaje kama kuna kitu hakikwenda sawa?

Ukiwa usingizini hutajua. Daktari wa usingizi anatazama presha, oksijeni na joto lako. Ukiamka, mwambie muuguzi mara moja ukihisi baridi ya kutetemeka, homa, kubanwa kifua, au ukiona mkojo una rangi ya chai nzito au mwekundu. Mkojo wa namna hiyo unaweza kumaanisha seli nyingi zilipasuka, na figo zinahitaji kuangaliwa. Unaweza pia kuwa na sababu nyingine, kama upasuaji ulihusu kibofu, lakini kazi ya kutofautisha si yako.

Baadaye nitaruhusiwa kuchangia damu?

Kizuizi cha kuchangia baada ya kuongezewa damu kiliwekwa kwa sababu ya damu ya watu wengine. Marekani, kwa mfano, aliyeongezewa damu ya mchangiaji husubiri miezi 3, na aliyerudishiwa ya kwake tu hahesabiwi humo. Utasubiri hata hivyo kwa sababu ya upasuaji wenyewe, hadi kidonda kipone na hemoglobini irudi. Omba muhtasari wa matibabu uandikwe wazi kwamba ulirudishiwa damu yako, kiasi gani, na kama uliongezewa ya mtu mwingine pia. Huko benki ya damu watakuuliza.